Somo la Robo Hii: Kufunga Kadi Katika Ruta Bila Kuiharibu



Ruta ni kifaa kinachounganisha kompyuta za kituo na intaneti. Ruta nyingine zina nafasi ya kuongezea kadi, kwa mfano ya laini ya simu. Kadi hiyo ni ndogo, lakini ni ghali. Kwa kituo kilichoko Ngorongo, wilayani Rufiji, ikiharibika huwezi kwenda dukani jirani ukapata nyingine.

Sisi wenyewe tuliwahi kupoteza kadi moja kwa sababu ya haraka. Tuliitoa mfukoni, tukaiweka juu ya kitambaa cha nailoni, kisha tukaipachika. Hatukuona moshi wala cheche, ila haikuwaka. Fundi alipofika alisema huenda tuliiua kwa mikono yetu.

Kwa nini iharibike?

Nguo na viatu vikisuguana na vitu vingine, mwili hukusanya umeme tuli. Mtu huanza kuuhisi ukifika takriban volti 3,000, lakini baadhi ya vipande vya kadi huharibika hata kwa chini ya volti 100. Unyevu wa hewa ya Rufiji hupunguza umeme huo, bali hauumalizi. Pengine kadi hujeruhiwa tu, ikafanya kazi kwa muda, kisha ikafa.

Hatua za kufuata

1. Soma kitabu cha ruta. Hakikisha kadi inalingana na ruta pamoja na programu yake. Kadi nyingine hupachikwa umeme ukiwepo, nyingine haziruhusiwi. Ukiwa na shaka, zima.

2. Hifadhi mipangilio ya ruta, na nakala yake iwekwe kwenye kompyuta.

3. Zima swichi, kisha chomoa waya wa umeme. Kama kuna waya mbili, chomoa zote. Waya wa ethi uachwe mahali pake. Kazi hii isifanywe wakati wa radi.

4. Vaa mkanda wa kifundo cha mkono, uubane kwenye chuma cha ruta kisichopakwa rangi. Usipokuwa nao, gusa chuma hicho kila mara kabla ya kushika kadi.

5. Ondoa kifuniko cha nafasi. Kadi itolewe katika mfuko wake dakika ya mwisho, na ishikwe kingo tu.

6. Itelezeshe taratibu kwenye reli zake. Ikigoma usiilazimishe, itoe, uanze upya. Kisha kaza skurubu.

7. Rudisha umeme, uangalie kama ruta imeitambua kadi.

Tunza kile kifuniko. Siku kadi ikiondolewa, nafasi ikiachwa wazi huingiza vumbi na wadudu, na hewa ya kupoza haipiti inavyotakiwa.

Ndugu wafadhili, mkiona katika bajeti mkanda wa mkono, waya wa ethi na siku moja ya fundi, msidhani ni nyongeza zisizo na maana. Hivyo ndivyo vinavyolinda mchango wenu. Nasi tungekuwa na mkanda siku ile, huenda tusingenunua kadi mara mbili.

Maswali ya kujadili katika kamati

- Ruta yetu ina waya wa ethi? Nani aliukagua mara ya mwisho?
- Nakala ya mipangilio iko wapi, na nani anajua kuirudisha?
- Nani ameruhusiwa kufungua ruta, na nani atashika nafasi yake asipokuwepo?