Matanga Yakiisha Kuondolewa: Wajibu wa Usharika kwa Wafiwa

Mwezi huu twataka kujifunza habari za kazi moja ambayo sharika zetu huianza vema, lakini mara nyingi haziimalizi. Kazi hiyo ni kuwatunza wafiwa. Mtu akifa, hatuna haja ya kufundishwa njia ya kwenda msibani. Wanawake huchukua maji na kuni, vijana huchimba kaburi, kwaya huimba usiku kucha, na mwandishi huandika rambirambi katika daftari. Kisha matanga huondolewa, mikeka hukunjwa, masufuria yaliyoazimwa hurudishwa kwa wenyewe, na kila mtu hushika njia yake. Ndipo nyumba ile hunyamaza. Basi twauliza: ni nani aingiaye humo katika mwezi wa pili na wa tatu?

1. Hatari huja baadaye

Siku za matanga mfiwa hana nafasi ya kuufikiri msiba wake wote. Watu ni wengi, na mambo ya kuamua ni mengi. Wakiisha kuondoka, ndipo aonapo kitanda kitupu, na jembe lisilo na mwenyewe, na watoto waulizao daftari za shule.

Colin Murray Parkes wa Uingereza na wenzake walitangaza mwaka 1969 habari za wagane 4,486, yaani wanaume waliofiwa na wake zao, wote wenye umri wa miaka 55 na zaidi. Waliwafuata kwa muda wa miaka 9. Katika miezi 6 ya kwanza walikufa 213, hesabu iliyozidi kwa asilimia 40 ile iliyotazamiwa kwa wanaume wa umri huo wenye wake. Ongezeko lililo kubwa lilitokana na magonjwa ya moyo. Baadaye hesabu ilishuka polepole, hata ikalingana na ya wenzao. Haya hatuyaandiki ili kuwatisha watu, bali tupate kujua wakati wa kukesha. Tena tusimdharau mgane kwa sababu yeye halii mbele za watu. Huenda yeye ndiye aliye peke yake kuliko wote.

2. Mifano ya kutufundisha

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 6, twasoma ya kuwa wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuwaambia watu wote wajitahidi tu. Waliagiza wachaguliwe watu 7, wakawekwa juu ya jambo lile. Kazi ya wote isiyo na mwenyewe huachwa na wote.

Mwaka 1967, katika mji wa Boston huko Marekani, Phyllis Silverman alianzisha kazi ya wajane kuwatembelea wajane. Wale waliotumwa hawakuwa waganga. Elimu yao ilikuwa hii, kwamba wao wenyewe walikwisha kuipita njia ile.

Huko Marekani zipo pia nyumba za maziko, ambazo hulipwa ujira kwa kuitengeneza maiti na kuizika. Baadhi yake haziwaachi wafiwa ibada ikiisha. Huwaandikia barua, huwasaidia kupata hati, na huwakusanya wafiwa wapate kuzungumza pamoja. Ikiwa mtu aliyelipwa ujira huona kwamba kazi yake haikuishia kaburini, je, sisi tulio ndugu tuseme imekwisha?

3. Mambo ya kutenda

Kwanza, kabla matanga hayajaondolewa, wazee wa kanisa wachague watu wawili kwa ajili ya nyumba ile. Kama aliyefiwa ni mjane, mmoja wao awe mjane wa siku nyingi. Waende kila juma katika mwezi wa kwanza, kisha kila mwezi hata mwaka utimie. Tarehe ziandikwe, kwa maana ahadi isiyo na siku husahauliwa.

Pili, wafiwa wakikubali, sehemu ya rambirambi isitumiwe katika chakula cha wageni, bali iwekwe. Wageni wakipungukiwa sahani moja ya wali hawadhuriki. Lakini fedha hiyo katika mwezi wa tatu yaweza kumrudisha mtoto shuleni.

Tatu, wafiwa wasaidiwe katika mambo ya hati. Katika Tanzania Bara imeamriwa kwamba kifo kiandikishwe katika muda wa siku 30. Kwa hiyo kibali cha mazishi kitunzwe, wala kisitupwe. Kama kuna mirathi, ukoo humpendekeza msimamizi, na mahakama humthibitisha. Msimamizi aliyewekwa na Mahakama ya Mwanzo hupaswa kupeleka orodha ya mali na madeni mahakamani katika muda wa miezi 4. Watu wayajue haya, kwa kuwa kusimamia si kujimilikisha. Mara nyingi mjane na watoto hunyang'anywa shamba kwa sababu hakuna aliyewaambia mapema.

Nne, tujifunze kusikiliza. Rafiki za Ayubu walikaa naye siku 7 bila kusema neno, na katika siku hizo hawakumkosea. Walimkosea walipofungua vinywa. Tusimwambie mfiwa, "Usilie, yatosha." Bwana wetu mwenyewe alilia huko Bethania. Tena tusiogope kulitaja jina la marehemu. Mfiwa hupenda kulisikia.

Tano, kama mfiwa hali wala halali kwa siku nyingi, au asema kwamba ataka kufa, asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali upesi, wala wapelekao wasidhani kwamba wameipunguza imani yake. Tuwapokee madaktari kuwa msaada, nasi tuendelee kuomba.

4. Maswali ya kujifunza pamoja

(a) Katika usharika wetu, ni nani waliofiwa katika miezi 6 iliyopita? Wataje kwa majina. (b) Ni nani aliyewatembelea tangu matanga yalipoondolewa? (c) Ni wajane na wagane gani waliokwisha kuipita njia hiyo, wawezao kutumwa? (d) Je, wanajua mahali pa kuandikisha kifo?

Wahenga walisema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Nayo dhiki ya mfiwa haihesabiwi kwa siku za matanga. Basi, ninyi walimu na wazee, msimalize mafundisho haya kabla ya kuandika majina na tarehe. Jumapili ijayo mtu mmoja na abishe hodi katika nyumba ile iliyonyamaza.