Nomino Zisizohesabika Baada ya Kiima cha Wingi

Katika somo lililotangulia tuliona kwamba kitenzi hupatana na kiima chake. Mwanafunzi akishalielewa jambo hilo, huenda akadhani kwamba kiima kikiwa katika wingi, kila nomino inayofuata sharti iwe katika wingi pia. Tuzitazame sentensi hizi:

(a) Askari alionyesha ushujaa wake.
(b) Askari walionyesha ushujaa wao.
(c) Askari walionyesha mashujaa wao.

Wingi wa (a) ni (b). Sentensi (c) haina kosa la upatanisho, lakini maana yake ni nyingine: askari waliwaonyesha watu waliotenda ushujaa. Mwalimu anayekagua viambishi peke yake ataipa alama ya sahihi, na kosa litaendelea.

Kanuni. Idadi ya wenye kitu huonyeshwa na shina la kivumishi cha kumiliki: -ake kwa mmoja, -ao kwa wengi. Kiambishi kinachotangulia shina hilo hufuata ngeli ya nomino.

Mzazi alionyesha subira yake. / Wazazi walionyesha subira yao.
Mwalimu alitumia maarifa yake. / Walimu walitumia maarifa yao.

Nomino maarifa ina umbo la wingi hata ikiwa mwenye maarifa ni mmoja. Kiingereza nacho hakilitii neno "knowledge" katika wingi kwa sababu wenyewe ni wengi. Lakini hulipatanisha na kitenzi cha umoja. Ndiyo maana wanafunzi waliozoea lugha hiyo husema "maarifa yao imewasaidia" badala ya "maarifa yao yamewasaidia".

Tanbihi. Baadhi ya nomino zianzazo kwa u- zina wingi wa ma-, kama ugonjwa/magonjwa na uovu/maovu. Wingi huo hutegemea idadi ya vitu vyenyewe, wala si idadi ya watu:

Watoto watatu waliugua ugonjwa mmoja.
Mtoto mmoja aliugua magonjwa mawili.

Kabla ya kusahihisha, basi, tujiulize: wenye kitu ni wangapi? Kitu chenyewe ni cha ngeli gani?

Zoezi
Andika katika wingi, kisha eleza ni sehemu zipi zilizobadilika na kwa nini.

1. Mgonjwa alikunywa maji yake.
2. Mkulima alipoteza uvumilivu wake.
3. Shujaa alisifiwa kwa ushujaa wake.