SOMO: MWILI WA MTOTO NAO HUSEMA



Mtoto wa miezi miwili analetwa hospitalini, paja limevunjika. Mama anasema, "Ati alijigeuza akaanguka kitandani." Daktari wa watoto anasikiliza, lakini anajiuliza: mtoto wa umri huu amejigeuza namna gani?

Zamani hata madaktari wengi hawakuuliza hivyo. Mwaka wa 1962, huko Denver, Marekani, daktari wa watoto C. Henry Kempe na wenzake waliandika kwamba baadhi ya watoto wenye mifupa iliyovunjika walikuwa wamepigwa na watu wa nyumbani. Miaka michache tu baadaye, majimbo yote ya Marekani yalikuwa na sheria juu ya kutoa habari za watoto kama hao.

Daktari huangalia nini?

1. Je, maneno yanalingana na jeraha? Maji moto yakimwagika huunguza huku na huku. Mguu uliotumbukizwa kwa nguvu huungua sawasawa, kama umevaa soksi.

2. Umri. Mtoto ambaye hajaanza kutambaa si rahisi ajiumize mwenyewe.

3. Mbona amecheleweshwa kuletwa?

Hata hivyo, daktari si hakimu. Yako magonjwa ya mifupa na ya damu yanayofanana na kipigo. Ndiyo sababu anapima kwanza.

Na sisi je?

Madaktari wa watoto ni wachache, na wengi wako mjini. Hawawezi kumsaidia mtoto aliyefichwa nyumbani. Basi kazi inaanza kwetu. Tusinyamaze tukisema, "Hayo ni mambo ya watu."

Mtoto akinajisiwa, msimwogeshe wala msifue nguo zake. Zitieni katika mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, kwa maana dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI lazima ianzwe kabla ya masaa 72 kupita. Kesi isimalizwe na wazee kwa kulipwa mbuzi. Mbuzi hamponyi mtoto. Mwambieni afisa wa watoto, chifu au polisi, au pigeni simu 116 bila malipo.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Kwa nini jirani huogopa kusema?
2. Katika kijiji chetu, nani atampeleka mtoto hospitali usiku?
3. Nauli itatoka wapi?