Hofu Mbele ya Wengine: Mwitiko wa Wanawake na Wanaume kwa Filamu za Kutisha

Utangulizi

Imezoeleka kusemwa kwamba mwanamke atazamapo filamu ya kutisha hufumba macho, ilhali mwanamume hutazama bila kupepesa. Kauli hii hurudiwa majumbani, mabwenini na hata katika madarasa ya fasihi kana kwamba ni sheria ya maumbile. Makala haya yanaichunguza kauli hiyo kwa kuuliza swali moja: je, tofauti inayoonekana baina ya watazamaji hawa imo katika hofu yenyewe, au katika namna kila mmoja anavyotarajiwa kuidhihirisha hofu hiyo mbele ya wengine? Hoja inayotetewa ni kuwa matarajio ya jamii yana mchango mkubwa katika tofauti hiyo, na kwamba mhakiki anayelipuuza jambo hili huenda akayachukulia malezi kuwa maumbile.

Hofu inayokiriwa na hofu inayofichwa

Ni kweli kwamba watu wanapoulizwa, wanawake kwa jumla hukiri kuogopa zaidi, nao wanaume husema kuwa wamezifurahia filamu hizo zaidi. Matokeo ya aina hii yamejitokeza mara nyingi katika tafiti za saikolojia. Hata hivyo, kukiri ni tendo la kijamii. Mvulana aliyelelewa akiambiwa kwamba mwanamume halii ana sababu ya kukipunguza kiasi cha hofu anachokitaja. Msichana hana sababu hiyo. Pengine hata hutarajiwa akiongeze. Kwa hivyo, jibu la swali "Je, uliogopa?" hubeba mambo mawili kwa pamoja: hisia na malezi.

Jaribio la mwaka 1986

Mwaka 1986, Dolf Zillmann na wenzake walichapisha nchini Marekani matokeo ya jaribio lililolenga suala hili moja kwa moja. Wanafunzi wa chuo kikuu, wanaume 36 na wanawake 36, walionyeshwa filamu ya kutisha. Kila mmoja aliketi na mwenzake wa jinsia tofauti, pasipo kujua kwamba mwenzake huyo alikuwa mshirika wa watafiti. Washirika hao walikuwa wamefunzwa kuigiza: baadhi walijionyesha majasiri, wengine hawakuonyesha hisia yoyote, na wengine walionyesha hofu.

Matokeo yake yanastahili kuzingatiwa. Wanaume waliifurahia filamu zaidi walipoketi na mwanamke aliyeonyesha hofu, na wakaifurahia kidogo zaidi walipoketi na mwanamke jasiri. Wanawake nao waliifurahia zaidi walipokuwa na mwanamume jasiri, na kidogo zaidi walipokuwa na mwanamume mwoga. Hapa tabia ya jirani ilipobadilika, burudani nayo ilibadilika. Yaonekana, basi, kwamba watazamaji walikuwa wakitazama maonyesho mawili kwa wakati mmoja: yale ya filamu na yale ya mtu aliyeketi kando yao. Jaribio hili halikanushi kuwapo kwa tofauti za kimaumbile, lakini linatuonya tusiupime mwitiko wa mtazamaji bila kuuliza alikuwa ameketi na nani.

Mtazamaji na mhusika

Uhakiki wa filamu umeliendea suala hili kwa njia nyingine. Linda Williams, katika makala yake ya mwaka 1984, alieleza kwamba mwanamke ana sababu nzuri ya kukataa kutazama, kwani mara nyingi anachoonyeshwa ni unyonge wake mwenyewe: mwanamke mwenziwe akifukuzwa, akidhalilishwa, akiuawa. Kwa mtazamo huu, kufumba macho si udhaifu bali ni aina ya uhakiki.

Carol Clover naye, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1992, alishughulikia filamu za wauaji wanaotumia visu na silaha kama hizo, ambazo hadhira yake kubwa ilikuwa vijana wa kiume. Filamu ya Halloween ya mwaka 1978, iliyoongozwa na John Carpenter, ni mfano mwafaka. Mwanzoni kamera hutazama kupitia macho ya muuaji. Kufikia mwisho, mtazamaji amehamia upande wa Laurie Strode, msichana anayejitetea kwa sindano ya kufumia na waya wa kutundikia nguo. Clover anadai kwamba kupitia msichana huyu anayesalia hai, kijana wa kiume hupata nafasi ya kuhisi hofu ambayo jamii imemkataza kuihisi akiwa mwanamume. Iwapo dai hili ni sahihi, basi kijana anayecheka kwa sauti kubwa ukumbini si lazima awe haogopi; huenda mhusika anaogopa kwa niaba yake.

Aidha, si wanawake wote wanaofumba macho. Brigid Cherry, aliyewachunguza wanawake mashabiki wa filamu hizi nchini Uingereza katika miaka ya 1990, aliwakuta watazamaji waliokataa kuyaondoa macho yao kwenye skrini, na wengi wao wakipenda hasa filamu za wanyonya damu. Kauli ya maumbile haina nafasi kwa wanawake hawa.

Funzo kwa mwanafunzi wa fasihi

Wahenga wa Waswahili walilitambua suala la kudhihirisha hofu waliposema kwamba kwa mwoga huenda kicheko, na kwa shujaa huenda kilio. Methali hii haimdharau mwoga. Inakumbusha kuwa ujasiri wa maonyesho una gharama yake. Anayefundishwa kuficha hofu mbele ya filamu, ambamo hakuna hatari, huenda akashindwa kuitaja hofu palipo na hatari ya kweli.

Hali kadhalika, ngano za mazimwi zilisimuliwa mbele ya wavulana na wasichana walioketi pamoja. Anayezikusanya leo hana budi kuandika si maneno ya fanani pekee, bali pia nani alipiga ukemi, nani alicheka, na nani alikuwa akimtazama nani.

Hitimisho

Imebainika kwamba mwitiko wa hofu hutegemea kazi, mtazamaji na wenzake. Mhakiki anayesema "wanawake huogopa" au "wanaume hawaogopi" ameyasoma maonyesho akadhani ameisoma nafsi. Kazi iliyosalia ni kuichunguza hadhira kwa makini yale yale tunayoyatumia kuichunguza matini.