Kipimo cha sukari cha miezi mitatu chaweza kukuhadaa

Je, msomaji, umewahi kutoka maabara ukiwa na karatasi iliyoandikwa HbA1c, mbele yake tarakimu kama 6.1, kisha ukaambiwa uende zako nyumbani kwani huna kisukari? Yamkini uliambiwa kweli. Lakini kwa baadhi yenu, hasa ambao wazee wao walitoka Pwani au kandokando ya Ziwa Victoria, huenda tarakimu hiyo inaficha jambo.

Kisukari ni maradhi yasiyopiga hodi. Huweza kukaa mwilini miaka kadhaa yakiharibu macho, figo na neva za miguu kabla mwenyewe hajahisi lolote. Katika uchunguzi wa kitaifa uliofanywa humu nchini mwaka wa 2015, takriban watu 9 kati ya 10 walisema hawajawahi kupimwa sukari maishani mwao. Basi yule mmoja aliyejitokeza kupimwa anastahili jibu la kweli.

Tuanze na kipimo chenyewe. Sukari iliyo ndani ya damu, yaani glukosi, hujishikiza kwenye hemoglobini, ile rangi nyekundu inayobeba oksijeni. Sukari ikizidi, hemoglobini inayoshikwa nayo huzidi. Chembe nyekundu ya damu huishi siku 120 hivi, kisha hufa na nyingine kuchukua mahali pake. Kwa hivyo ukijua ni asilimia ngapi ya hemoglobini imeshikwa na sukari, unapata picha ya miezi miwili au mitatu iliyopita, si ya asubuhi ya leo tu. Mwanasayansi wa Iran, Samuel Rahbar, ndiye aliyeeleza mwaka wa 1968 kwamba damu ya wagonjwa wa kisukari ina hemoglobini ya namna hii kupita kiasi. Mwaka wa 2011 Shirika la Afya Duniani lilikubali kwamba mtu anayepata asilimia 6.5 au zaidi aweza kuhesabiwa kuwa ana kisukari.

Madaktari walikifurahia kipimo hiki, na si ajabu. Hakuna kulala njaa, hakuna kunywa maji ya glukosi na kungoja saa mbili kwenye benchi. Tena hakihadaiki na mgonjwa aliyejinyima chai ya sukari siku mbili kabla ya kliniki ili aonekane mtiifu. (Na hao si wachache!)

Kasoro ni kwamba hesabu yote imesimama juu ya zile siku 120. Fikiria shati jeupe lililotundikwa katika jiko la kuni. Shati la mwezi mmoja haliwezi kuwa na masizi kama la miezi minne, hata kama moshi ni ule ule. Vivyo hivyo, mtu ambaye chembe zake nyekundu hufa mapema ataonekana msafi kwenye HbA1c, ilhali sukari yake iko juu.

Malaria na damu zetu

Ni nani basi ambao chembe zao hufa mapema? Hapa ndipo asili ya mtu inapoingia, na mzizi wa mambo ni mbu.

Mwaka wa 1949 Anthony Allison, aliyekulia hapa Kenya na wakati huo akiwa bado mwanafunzi, alizunguka nchini akikusanya damu za watu wa jamii mbalimbali. Aligundua kwamba jeni ya selimundu, maradhi ambayo wengi huyaita siko seli, ilikuwa ya kawaida Pwani na karibu na Ziwa Victoria, lakini ilikuwa nadra sana katika nyanda za juu. Mwaka wa 1954 akachapisha sababu yake: anayerithi jeni hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu haugui selimundu, na malaria haimwelemei kama inavyowaelemea wengine. Palipokuwa na mbu wengi, jeni hiyo ilidumu.

Selimundu si peke yake. Kuna upungufu wa kimeng'enya kinachoitwa G6PD, ambacho hulinda chembe nyekundu zisipasuke. Nao umeenea pale pale malaria ilipotawala, Pwani yetu ikiwemo. Wenye upungufu huu wengi wao hawajijui mpaka siku wanapopewa dawa kama primakwini, mkojo ukageuka mweusi kama koka. Jeni yake iko kwenye kromosomu ya X. Mwanamume ana kromosomu moja tu ya aina hiyo, hivyo akiirithi jeni kutoka kwa mama hana nyingine ya kumwokoa.

Mwaka wa 2017 watafiti wa nchi nyingi walichapisha uchunguzi wa jeni za watu karibu 160,000 wenye asili ya Ulaya, Afrika, Asia Mashariki na Asia Kusini. Katika wale wenye asili ya Kiafrika, aina moja ya jeni ya G6PD ilishusha HbA1c ya wanaume kwa takriban 0.8. Hebu piga hesabu. Mtu ambaye karatasi yake ingesoma 7.0, kisukari wazi kabisa, atasomewa 6.2 na kurudishwa nyumbani. Takriban Mmarekani mweusi 1 kati ya 10 hubeba jeni hiyo. Watafiti walikadiria kwamba Marekani ikitegemea HbA1c pekee, watu wazima weusi wapatao 650,000 wangebaki na kisukari kisichojulikana.

Mwaka huo huo uchunguzi mwingine wa Wamarekani weusi 4,620 ulionyesha kwamba wenye jeni moja ya selimundu walisomewa wastani wa 5.72 na wenzao wasio nayo 6.01, ingawa sukari yao ilikuwa sawa. Tofauti ni ndogo kuliko ile ya G6PD, lakini kwa mtu aliye mpakani inatosha kumvusha upande usio wake. Na mgonjwa wa selimundu kamili asipimwe kisukari kwa HbA1c kabisa.

Lakini usikimbilie kusema kwamba kipimo hiki huwapunguzia Waafrika wote. Uchunguzi mwingine wa Marekani, uliochapishwa mwaka wa 2007 na uliohusu watu zaidi ya 3,800, ulipata kinyume. Kwa kiwango kile kile cha sukari, Wazungu walisomewa wastani wa 5.80 na weusi 6.19. Yaani weusi kwa jumla husomewa juu kidogo, na baadhi yao, wenye jeni nilizotaja, husomewa chini mno. Ndiyo maana naona haifai kutunga kiwango kimoja cha weusi na kingine cha weupe, sembuse kiwango cha kila kabila. Kabila si kipimo cha maabara. Mtu aliyezaliwa Pumwani, nyanya yake wa Kilifi na babu yake wa Murang'a, utampa kiwango gani?

Wakenya wenye asili ya Bara Hindi nao wasijione wako nje ya habari hii, kwani thalasemia, inayopatikana katika baadhi ya jamii zao, huweza pia kuvuruga kipimo. Na yapo mengine yasiyo ya kurithi. Kupoteza damu nyingi au kuongezewa damu huweza kushusha tarakimu. Upungufu wa madini ya chuma, unaowasumbua akina mama wengi, aghalabu huipandisha, na mtu asiye na kisukari akaambiwa anacho.

Uulize nini kliniki

Shirika la Afya Duniani lenyewe lilitahadharisha mwaka ule wa 2011 kwamba HbA1c iliyo chini ya 6.5 haifuti kisukari kilichoonekana kwa kupima glukosi. Kwa hivyo, ukiwa na selimundu katika ukoo, au uliwahi kudhurika kwa dawa ya malaria, au hujui damu yako ikoje, omba upimwe pia sukari ya asubuhi kabla ya kula. Hicho ni kipimo cha bei nafuu na hakijali chembe zako huishi siku ngapi. Ikifika milimoli 7.0 kwa lita ni kisukari, nayo hurudiwa siku nyingine kwa uhakika ikiwa huna dalili. Ukinyweshwa gramu 75 za glukosi, baada ya saa mbili mpaka ni 11.1. Pale majibu yasipopatana, daktari aweza kuagiza fruktosamini, ambayo hutazama protini za damu badala ya hemoglobini na huonyesha wiki mbili au tatu zilizopita. Tatizo ni kwamba si kila maabara huifanya.

Neno kwa wale ambao tayari wanatumia dawa za kisukari. Kama una mashine ya kudunga kidole nyumbani, andika tarakimu zake kwenye daftari, za asubuhi na za baada ya kula. Ukiona daftari limejaa 12 na 13 ilhali karatasi ya maabara inasema 6.0, usishangilie. Nenda na daftari hilo kliniki ukamwonyeshe daktari kabla hajakupunguzia dawa.