Nakula vitamu kutwa nzima na kila Jumatatu naapa kuacha

Mpendwa Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 34, mke wa mtu na mama wa watoto wawili. Nauza vitenge kwenye duka moja Kariakoo, nyumbani ni Mbagala. Ugonjwa wangu ni vitu vitamu. Saa kumi na moja alfajiri natoka tumbo tupu ili niwahi gari. Saa nne naagiza chai ya rangi na maandazi mawili, na muuzaji ananijua: vijiko vinne, asiulize. Saa sita soda. Wateja wakibana, mlo wa mchana naupata saa kumi, siku nyingine siupati kabisa, najitafunia biskuti ninazoficha nyuma ya robota la vitenge. Jioni narudi na keki "ya watoto", wao wakaambulia nusu.

Kila Jumatatu naanza upya: tango, kabichi ya kuchemsha, chai isiyo na sukari. Jumatano jioni narudi kulekule, tena kwa fujo. Mume wangu ananicheka, anasema sina msimamo. Mama yangu yuko Tanga, ana kisukari, na mwaka huu amekatwa kidole cha mguu. Naogopa, Shangazi. Je, hamu hii ndiyo dalili ya kisukari? Au nimelogwa?

Mtumwa wa Utamu, Mbagala

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa mama.

Hujalogwa. Nimeisoma barua yako nikitafuta mahali ulipokula chakula, na sikupaona mpaka saa kumi jioni. Kama jana ulikula chajio saa mbili usiku, basi umekaa saa 20 bila mlo, umeshindia andazi na soda. Mumeo anasema huna msimamo. Mimi nasema una njaa.

Andazi ni unga mweupe, sukari na mafuta. Ukilisukumia na chai ya vijiko vinne, sukari inapanda upesi kwenye damu, mwili unamwaga insulini kuishusha, na muda si mrefu tumbo linadai tena. Na likidai, halidai mchicha, linadai kile kilicholifikia upesi mara ya kwanza. Ndiyo maana saa sita mkono unaenda kwenye soda wenyewe. Ongeza na usingizi: anayeamka saa kumi za usiku huku kazi za nyumbani zimemkeshesha, hamu yake ya vitamu huwa kubwa zaidi. Hilo nalo si tabia mbaya.

Hesabu yako iko hivi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilisema sukari inayoongezwa kwenye vyakula na vinywaji, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayopata kwenye chakula, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Kwa mtu mzima hiyo asilimia 5 ni kama gramu 25, vijiko sita vya chai. Wewe una vinne kwenye kikombe, na chupa ya soda ya mililita 350 ina karibu vijiko tisa. Adhuhuri haijaadhiniwa, umeshafika kumi na tatu, biskuti hatujazigusa. (Na wanaokuambia asali si sukari, wengi wao wanauza asali.)

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo unapokosea kila Jumatatu. Unaanza kwa kuondoa. Mtu mwenye njaa ukimwondolea hata kile kidogo alichokuwa akila, ukampa tango, Jumatano ni mbali. Mimi sikuambii uache kitu wiki hii. Nakuambia ongeza. Usiku ukipika, chemsha viazi vitamu au mihogo ya ziada na mayai mawili, au bakiza maharage. Tia kwenye kopo, ule kabla hujafungua duka. Halafu saa saba, siyo saa kumi, mama lishe akuletee sahani hapohapo dukani, kama anavyowaletea wenzako: ugali au wali, maharage au dagaa, na mboga ya majani ya kutosha. Mteja wa kitenge atasubiri umalize tonge, mbona wewe unamsubiri apekue robota zima! Fanya hivyo wiki mbili, kisha utazame saa kumi jioni kama biskuti bado zinakuita kwa sauti ileile. Zikiita, kula kwanza karanga, ndizi mbivu au maziwa ya mgando.

Hapo ndipo tuanze kupunguza, taratibu. Chai ishuke nusu kijiko kila wiki, ulimi utazoea. Soda iwe ya harusini, kazini beba maji. Keki usiinunue. Dukani msimamo unahitajika dakika moja tu. Keki ikishaingia ndani unahitajika usiku kucha, na hakuna mwenye huo. Siku ya sikukuu kula kaimati zako mezani, mchana kweupe, pamoja na wanao. Lakini kama utakuwa unakula milo yako vizuri na bado unajificha na biskuti, unakula mpaka tumbo linauma na huwezi kujizuia, hilo limevuka safu hii. Mwone daktari, umweleze bila aibu.

Kuhusu kisukari: hamu ya vitamu si dalili ya kutegemea. Dalili zenyewe ni kiu isiyokatika, kukojoa mara kwa mara, kupungua uzito bila sababu, macho kuona ukungu, vidonda kuchelewa kupona. Wengi hawaoni dalili yoyote kwa miaka. Wewe una mzazi mwenye kisukari, na hilo peke yake ni sababu ya kupima, uwe unapenda pipi au huzipendi. Kipimo hufanywa asubuhi, ukiwa hujala kwa saa nane au zaidi. Kikisoma 7.0 mmol/L na kuendelea, kitarudiwa siku nyingine kuhakikisha. Kikiwa kati ya 6.1 na 6.9, bado si kisukari, ila uko njiani na una nafasi ya kugeuza.

Mwambie mumeo aende nawe, naye apime, badala ya kucheka. Chagueni asubuhi moja ya wiki hii, mwende zahanati kabla ya chai, kisha niandikie majibu.

Shangazi yako