Chumvi, Gundi na Maji ya Tope

Mwalimu akiulizwa kwa nini maji ya tope hutakata yakitiwa chumvi, pengine hujibu kwamba chumvi huuongezea udongo uzito. Jibu hilo si sahihi, na mtoto alishikaye leo atapata taabu kuliacha kesho. Hatuna budi kuliandaa somo hili kwa uangalifu.

Vifaa: Chupa 3 za kioo zilizo sawa, maji ya mvua, udongo wa mfinyanzi, chumvi ya kupikia, na gundi ya mgunga iliyolowekwa majini usiku kucha.

Hatua: Tuutikise udongo katika maji, tungoje nusu saa, kisha tuyagawe maji ya juu yenye ukungu katika chupa zote. Ya kwanza tusiitie kitu. Ya pili tuitie chumvi, kijiko kimoja cha chai kwa kila lita. Ya tatu tuitie gundi kwanza, tukoroge, tungoje, ndipo tutie chumvi kiasi kile kile. Wanafunzi watazame na kuandika wayaonayo kabla hatujawaeleza neno.

Maelezo: Chembe za udongo zina chaji hasi, kwa hiyo husukumana na kuelea. Chumvi ikiyeyuka hutoa ioni za sodiamu zenye chaji chanya, nazo huzizunguka chembe na kuifunika nguvu yao ya umeme. Katika maji yenye chumvi kidogo sana, gramu 0.06 kwa lita, nguvu hiyo hufika umbali wa nanometa 10 hivi. Ikiwa gramu 6, hufika nanometa 1 tu. Hapo chembe hukaribiana, hushikamana na kutua. Shabu hufanya kazi hiyo kwa kiasi kidogo zaidi, kwa kuwa ioni ya alumini ina chaji 3.

Gundi ni polima, yaani molekuli ndefu mno. Huzivika chembe kama koti. Chumvi huupunguza umeme vilevile, lakini koti likiwa nene kuliko umbali wa nguvu ya umeme, chembe hazigusani. Michael Faraday alikwisha kuona mwaka 1857 kwamba chumvi hubadili rangi nyekundu ya chembe za dhahabu majini kuwa buluu.

Tahadhari: Gundi ikiwa haba mno, molekuli moja yaweza kuzifunga chembe mbili pamoja, na matokeo yakawa kinyume. Kwa hiyo tulijaribu jaribio hili wenyewe siku moja kabla ya kipindi. Tena tuwakumbushe watoto kwamba maji yaliyotakata si lazima yawe salama. Kabla ya kunywewa yachemshwe.

Zoezi: Wanafunzi waeleze kwa nini tope la mto Rufiji hutua kwa wingi pale maji yake yakutanapo na bahari. Atakayetaja mwendo wa maji kupungua, na chumvi pia, amelielewa somo.